Mwaka Sauti ya Mwalimu Ilipokwisha

Tumemzika Tapkigen Ijumaa iliyopita, huko kwake Chepseon, na tangu nirudi sijafanya kazi ya maana. Nakaa jikoni, nawasha moto, nasahau kuinjika sufuria. Nimechoka na mazishi. Kwa umri wangu hakuna mwezi unaopita bila mtu wa kuzikwa, na kila mara ni safari, ni benchi la kanisa lililotolewa uani, ni wali uliopoa, na ni kuwasikiliza watu waliozaliwa juzi wakisoma maisha ya mtu ambaye hawakumjua vizuri. Mchungaji alikuja akaniinamia sikioni. "Kogo, tunakupa dakika mbili tu, mvua iko karibu." Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya, nami nimeishi kwao mpaka jina hilo limekuwa langu. Nilisimama nikasema kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, kwamba alinipokea nikiwa msichana mgeni nisiyejua lugha yake, kisha nikakaa. Dakika mbili zenyewe sikuzimaliza. Baada yangu mjukuu wake mmoja, kijana wa suti, akasoma kwamba nyanya yake hakubahatika kupata elimu lakini aliithamini elimu ya wengine. Ni kweli, Tapkigen hakujua herufi hata moja mpaka anaingia kaburini. Nilitaka kusimama tena nieleze huko kuithamini kulikuwaje, lakini magoti yalikataa, na mvua ilikuwa imeanza kupiga turubai.

Mwaka ninaousema ni ule uliofuata nzige. Nilikuwa mke wa Okumu, mtu wa kwetu kando ya ziwa, aliyeajiriwa kulisha kuni kwenye jiko la kukaushia majani katika kiwanda cha chai. Alinileta Kericho nikiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi, na kitu cha kwanza nilichokichukia ni baridi. Kwetu jua likitua joto linabaki ardhini. Huku ardhi yenyewe ilikuwa baridi, na kila alasiri mvua ilishuka kutoka msituni kama ina miadi na watu. Tuliishi kwenye laini, yaani jengo moja refu la udongo lililokatwa vyumba vyumba, kila familia na chumba chake, na kuta zilizoishia njiani kabla ya kufika paa. Moshi wa jirani ulikuwa moshi wako. Maneno ya jirani yalikuwa maneno yako pia. Nilijua nani amemkosea mkewe, nani ana kikohozi, nani anaomba Mungu kwa sauti na nani anaomba kimyakimya halafu anampiga mkewe teke. Mchana nilichuma chai pamoja na wanawake wengine, kikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, na alasiri nilikuwa nakwenda shule.

Shule ilikuwa stoo. Bwana mwenye kusimamia shamba, Mzungu, alikuwa ameiazima misheni chumba alichowekea vikapu vilivyochakaa, na misheni ikamweka humo mwalimu. Asubuhi walisoma watoto, na alasiri, majani yakishapimwa, tulisoma sisi watu wazima. Tulikaa juu ya magogo. Ubao ulikuwa mbao tatu zilizopakwa masizi, na chumba kizima kilinuka majani mabichi yaliyoanza kulala. Mwalimu mwenyewe aliitwa Yohana arap Tonui. Alikuwa mrefu, masikio yake yametobolewa kwa mila za zamani, ndewe zikining'inia juu ya kola ya shati, na alikuwa na sauti nzito iliyojaa chumba bila yeye kuipaza. Hata Wajaluo wenzangu waliokuwa wanamcheka kwa kusema "gitabu" badala ya kitabu walikuwa wakinyamaza akianza kusoma. Mimi nilikuwa nimeshajifunza herufi kidogo nyumbani kabla ya kuolewa, kwa hiyo nilitangulia wenzangu, na alikuwa ananipa nisome mbele yao. Nilidhani ananipenda kama mwanafunzi hodari. Baadaye nilifahamu kwamba tangu mwanzo alikuwa ananipa kitabu kila mara koo lilipomshinda.

Wakati wa mvua kubwa sauti ile ilianza kukwaruza. Alisema ni baridi. Tapkigen, mkewe, akamchemshia magome ya mti. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya shamba la chai, ng'ambo ya kijito, na nilikuwa nimeshazoea kufika huko siku za Jumapili kwa sababu Tapkigen aliniita. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, ana msichana mmoja anayeitwa Chelangat, na hatukuwa na lugha ya kutosha kati yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Jina langu ni Persila, yeye akaniita Bersila mpaka alipokufa. Lakini alinionyesha jinsi ya kunywa mursik, maziwa yao yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, nami nilimfundisha kusuka nywele za mtoto kwa namna ya kwetu, na mambo hayo hayahitaji maneno mengi.

Siku Mwalimu aliporudi kutoka hospitali ya misheni, nilikuwa hapo. Tapkigen alikuwa amekaa mlangoni anasugua kibuyu. Mwalimu aliingia, akavua koti lililolowa, akalitundika, akakaa kwenye kitanda, akamwambia mkewe maneno machache ya Kipsigis. Sikuelewa hata moja. Nilimwona tu Tapkigen akiendelea kuzungusha kijiti ndani ya kibuyu, akazungusha, akazungusha, mpaka nikafikiri kibuyu kitatoboka. Ndipo Mwalimu akanigeukia.

"Persila, umesikia nilichosema?"

"Sikusikia, Mwalimu. Sijui Kipsigis."

"Nimemwambia kuna kitu kinaota hapa kooni. Daktari amekiona. Hana kisu cha kukifikia. Sauti itaondoka kwanza, halafu kumeza, halafu mimi." Alisema hivyo akifungua kamba za viatu. "Wewe nakuambia kwa sababu nina kazi na wewe."

Nikasema, "Pole, Mwalimu."

"Pole nimeshapewa na daktari. Mimi nakuuliza, utakuja asubuhi kwa watoto?"

Kazi aliyokuwa anaitaka ilikuwa kwamba nijifunze kufundisha kabla hajafa. Misheni haikuwa na mtu mwingine wa kuleta, walikuwa wamemwambia wazi. Na bwana wa shamba hangeacha stoo yake ikae bure. Nilimweleza Okumu jambo hilo jioni ileile, nikiwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyepewa zawadi. Okumu aliacha kula. Akasema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya kuta zile fupi, kwamba mke wake hatasimama mbele ya wanaume akiwaelekeza kwa kijiti. Kesho yake kiwandani jambo likawa limeshafika, kwa maana kuta hazikusaidia, na aliporudi alikuwa na hasira mpya. "Wananiuliza kama suruali navaa mimi au unavaa wewe. Hiyo sule sitaki kuisikia tena." Nikaacha kwenda. Nilichuma chai, nikarudi, nikapika, na kila alasiri nilisikia kwa mbali wenzangu wakisoma kwa pamoja, na sauti ya Mwalimu haikusikika katikati yao.

Alikuja mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, tumekaa kula, mlango uko wazi ili moshi utoke, tukamwona amesimama kwenye mvua kofia mkononi. Okumu alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kumwacha mgeni mlangoni. "Karibu, Mwalimu. Lakini hapa iko samaki tu." Alisema hivyo akijua vizuri. Wakipsigis wa siku hizo hawakula samaki. Walimwona kama sisi tunavyomwona nyoka, na harufu yake peke yake iliwafanya wateme mate. Mwalimu aliinama akaingia, akakaa kwenye kigoda changu, akanawa mikono. Nilimwekea mchuzi kwenye bakuli, mchuzi mtupu, kwa sababu nilijua koo lake lilivyo. Akanyanyua, akanywa. Kumeza kwake kulikuwa kazi nzito. Alifumba macho, shingo ikatutumka, mishipa ikasimama, na baada ya muda ndipo yale maji yakapita. Akapumzika. Akanyanyua tena. Okumu aliweka tonge lake chini akawa anamtazama, na vyumba vya jirani vyote vilikuwa vimenyamaza, maana walijua ni nani amekuja. Alimaliza bakuli lote. Halafu akasema, kwa kile kimnong'ono kilichobaki, "Okumu, ndugu yangu, mimi sikuja kumchukua mke wako. Nimekuja kuazima sauti yake. Nikifa itarudi kwako."

Okumu aliinuka. Alimsindikiza mpaka kwenye kijito akimshika mkono kwenye utelezi, akarudi amelowa, akaketi akiutazama moto. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona analia. "Kesho kutwa nenda sule," akasema. "Na mtu akiniuliza habari ya suruali nitamvua yake."

Watu wanafikiri kufundishwa na mtu anayekufa ni jambo la upole, kama kukaa karibu na mzee anayetoa baraka. Haikuwa hivyo. Arap Tonui alikuwa mwalimu mgumu, na ugonjwa ulimfanya awe mgumu zaidi. Alikaa kwenye kiti nyuma ya chumba, nami nilisimama mbele, na nilipokosea aligonga gogo kwa fimbo. Kosa langu kubwa lilikuwa haraka. Nilimwuliza mtoto swali, mtoto akanyamaza, na ule ukimya ukanitisha, nikamjibia mwenyewe. Fimbo ikagonga. Nikauliza tena, nikajibu tena, fimbo ikagonga tena. Watoto walipotoka akaniita karibu. "Unamwonea huruma nani? Unajionea wewe. Unaogopa watu watasema huyu mwanamke hajui kufundisha. Mwache anyamaze. Mtoto akinyamaza ndio yuko kazini." Nimefundisha maisha yangu yote, na nimewaambia walimu vijana maneno hayo mara nyingi, wakaandika, na bado nikipita nje ya darasa nasikia wanawajibia watoto. Siwalaumu. Ukimya wa darasa ni mzito hata kwangu mpaka leo.

Alipoona kwamba kila mtu ananong'ona juu yake, akaamua kusema mwenyewe. Alasiri hiyo watu wazima walijaa, wachumaji, wakata kuni, mpaka wenye magari ya ng'ombe. Alisimama mbele, nami kando yake, kwa sababu sasa ilikuwa desturi kwamba ananong'ona nami narudia kwa sauti. Akanong'ona. Nikasema, "Mwalimu anasema kwamba yeye ni mgonjwa na..." Akapiga meza. Akanong'ona tena, palepale sikioni, pumzi yake ina harufu ya kidonda. "Sema kama ninavyosema." Nikasema mbele ya watu wote, "Nitakufa."

Kulikuwa na mguno chumbani. Mzee mmoja akainuka akatoka akitema mate kuondoa mkosi, kwa kuwa kutaja kifo chako ni kukiita. Mwalimu aliendelea, nami nikaendelea. "Nitakufa kabla hatujamaliza kitabu hiki. Siogopi kila siku, lakini siku nyingine naogopa. Huyu aliyesimama hapa ndiye atakayemaliza na ninyi. Ni mwanamke, ni mtu wa ziwani, na ni mdogo kwenu. Anayetaka kuondoka kwa sababu hiyo aondoke leo, asingoje mazishi yangu." Karibu nusu yao waliondoka. Tuliwasikiliza wakitoka mpaka wakaisha, kisha Mwalimu akanielekeza ubaoni kwa kidole, kwamba niendelee na somo.

Baada ya mvua kubwa kwisha alikuwa hali chochote isipokuwa maziwa, na Tapkigen aliyachuja kwa kitambaa, kijiko kwa kijiko. Hata hivyo alikuja shule, akitembea na kupumzika, kupumzika na kutembea. Siku moja asubuhi, watoto wakiwa wanaandika kwenye vibao vyao, tulisikia sauti za watu nje ya ukuta. Ilikuwa bwana na karani wake. Bwana hakujali nani anasikia. "Huyu mwalimu karibu kwisha," alisema kwa Kiswahili kile cha Wazungu. "Yeye kwisha, mimi nataka stoo yangu. Gunia iko mingi, mvua nalowesha." Karani akasema ndio bwana. Watoto wakainua vichwa wakamtazama Mwalimu. Yeye alikuwa anamsaidia msichana mdogo kushika kalamu yake ya jiwe, akamsogeza kidole, akamsogeza tena, mpaka mshiko ukawa sawa. Sikuona alama yoyote usoni mwake kwamba amesikia.

Lakini alikuwa amesikia. Siku hiyo somo langu lilikwenda vizuri kuliko siku zote. Hesabu ya kugawanya, ambayo ilikuwa imetusumbua, iliwafungukia watoto wote kwa pamoja, wakawa wanapiga kelele wakitaka waitwe ubaoni. Walipotoka nilimgeukia nikicheka, nikitaka sifa, nikaona ametupa chaki yote chini na kuikanyaga. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo. Ilinibidi nitazame midomo yake ndipo nielewe. "Sikutaka kukufundisha wewe. Nilitaka kufundisha mimi." Akarudia, "Mimi." Kisha akaniachilia, akageukia ukuta. Nikaanza kuokota vipande vya chaki kwa maana hatukuwa na vingine. Baada ya muda naye akainama akaokota. Hakuomba radhi, na nimefurahi kwamba hakuomba. Mambo mengine aliyonifundisha alikuwa ameyafikiria kwanza. Hili lilimtoka tu, na ndilo lililonifanya, katika miaka yote ya uchovu, ya madarasa yaliyojaa na mishahara iliyochelewa, nisiwahi kusema kwamba kazi hii nimelazimishwa. Kulikuwa na mtu aliyeililia.

Tangu hapo alibaki nyumbani. Nilipita kwake kila siku baada ya masomo nikamweleza ni nani ameelewa na nani hajaelewa, yeye amelala kwenye kile kitanda alichokijenga mwenyewe ndani ya nyumba, miguu ya kitanda imechimbiwa ardhini, kamba za ngozi zimefumwa juu na ngozi ya ng'ombe imetandikwa. Alisikiliza macho yamefumbwa. Jina la mtoto asiyeelewa likitajwa, alifungua macho. Alikufa asubuhi moja ya kiangazi, Tapkigen akiwa amekwenda kukamua. Aliporudi na maziwa akakuta hayana mtu wa kuyanywa.

Watu wa kanisa walimzika. Bwana alitoa mbao za jeneza, nasema hivyo ili nisimdhulumu, na siku ileile akatuma watu na kufuli. Kesho yake asubuhi nilipofika, watoto walikuwa wamesimama mbele ya mlango uliofungwa, na dirishani ungeweza kuona magunia yamepangwa mpaka juu. Magogo yetu yalikuwa yametupwa nje. Nilikuwa sijalala. Nilikaa juu ya gogo nikawaambia watoto warudi kwao, hakuna shule tena.

Tapkigen alinikuta njiani ninawarudisha wale wa ng'ambo ya kijito, Chelangat akiwa mmoja wao. Alikuwa amenyoa kichwa. "Bersila, unabeleka watoto wabi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani iko nini?"

Akaniambia nimfuate. Tulipofika kwake watoto walisimama mbali, na mama mmoja aliyekuwa anapita akaja mbio akamvuta mwanawe, kwa sababu nyumba aliyofia mtu haikuwa mahali pa kuingiza watoto, na huyu alikuwa amefia humo juzi. Akamwambia Tapkigen maneno makali. Tapkigen alimpita. Aliingia ndani, nikamwona anajaribu kukivuta kitanda, lakini miguu ilikuwa imeshika ardhini na kitanda chenyewe kilikuwa kipana kuliko mlango. Akatoka akachukua shoka. Nilisema, "Mama Chelangat, ngoja, nitamwita Okumu." Akatikisa kichwa. Alikata mguu wa kwanza, akakata wa pili, akakata kamba, akazibeba mbao mikononi moja baada ya nyingine akazitupa uani, jasho linamtiririka kwenye kile kichwa kilichonyolewa, na hakukuwa na mtu aliyethubutu kumsogelea. Nyumba ilipokuwa tupu, alitandika ile ngozi ya ng'ombe chini. Chelangat aliingia wa kwanza akakaa juu yake. Wengine wakaingia, mmoja, mwingine, wakabanana mpaka ukutani.

"Somesha," Tapkigen akaniambia.

Nilisimama pale kilipokuwa kitanda. Yeye alitoka nje akaanza kuzipasua zile mbao ziwe kuni. Nikafungua kitabu tulipokuwa tumeachia, nikaanza, na kwa sababu ya kelele za shoka ilinibidi nipaze sauti.